Msalaba wa Panya

Jumatano, 9 Julai 2025

Baridi. Ukungu haukutoka mlimani mpaka saa tano. Nilikuwa napiga msasa mimbari ya Mchungaji Festus, ile ya perspeksi, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, nikasikia hodi. Msichana mrefu, amevaa koti jeupe la maabara na juu yake sweta mbili. Anaitwa Ngina. Anasomea shahada ya pili, na utafiti wake anaufanyia kwenye kile kituo cha barabara ya kwenda Mua.

Akasema ameambiwa mimi ndiye natengeneza mimbari za perspeksi hapa Machakos. Nikamwambia ndiyo, mimbari, vibao vya ofisi, masanduku ya kura za vyama vya akiba, chochote. Akakunjua karatasi. Msalaba. Nikamuuliza kanisa gani.

"Si wa kanisa, Auntie. Ni wa panya."

Nikaweka msasa chini.

Akanieleza pole pole. Msalaba unalazwa juu ya stendi, nusu mita kutoka sakafuni. Mikono minne, kila mmoja urefu sentimita hamsini, upana kumi. Mikono miwili ina kuta, miwili iko wazi. Panya anawekwa pale katikati na kuachwa dakika tano. Panya mwenye hofu anakimbilia penye kuta. Aliyetulia anatokea penye uwazi, anachungulia chini, anaangalia dunia. Kamera iko juu, inahesabu dakika za kila upande. Hivyo ndivyo wanapima hofu.

Sijawahi kusikia kazi kama hiyo. Hofu inapimwa kwa sentimita!

Anachotaka kujua ni kama majani ambayo nyanya yake wa Masinga huwachemshia watu wasiopata usingizi yanatuliza kweli, au ni mazoea tu. Jina la mti hasemi. Kifaa cha kutoka ng'ambo waliagiza mwaka jana, kikafika kimevunjika katikati, na hakuna kingine. Wenzake wameshaanza kuandika matokeo yao. Yeye ana panya ishirini na wanne na hana mahali pa kuwaweka.

Nimekubali. Nimempa sharti moja: hao panya mimi nisiwaone.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempelekea Mutinda mchoro wa stendi. Mutinda ni jirani yangu wa karakana, anachomelea mageti. Ameugeuza juu chini mara tatu.

"Mama Mueni, wacha nielewe. Nyumbani naweka sumu. Hapa natengeneza jukwaa."

Nikamwambia ndiyo. Akasema vai thina, hakuna shida, kazi ni kazi, lakini mke wake asijue.

Mume wangu, Kimanzi, alipiga simu jioni. Lori lake liko kwenye foleni ya mizani pale Mlolongo. Nikamwambia habari ya panya. Akacheka mpaka nikasikia turnboy wake, msaidizi wa lori, naye anacheka bila kujua anachekea nini.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekata sakafu ya msalaba. Kipande kimoja kizima, bila maungio. Nimejivunia.

Daktari Kitonga amekuja mwenyewe kuona. Ndiye mkubwa wa Ngina pale kituoni, anayesimamia utafiti wake. Mtu mwembamba, anaongea kama anayehesabu maneno. Alipitisha kidole kwenye sakafu akasema perspeksi inateleza, panya wakiteleza watakataa kutembea, na kukataa kutembea kutaonekana kama hofu. Nikampigia msasa kipande palepale, namba mia mbili ishirini, mpaka ikawa kama ngozi ya embe. Akapitisha kidole tena. Akatabasamu, mara moja, haraka, kama mtu anayezima taa.

Shida ni kuta. Lazima ziwe nyeusi, zisipitishe mwanga. Perspeksi nyeusi nene niko nayo karatasi moja tu, na hiyo ni ya kitako cha mimbari ya Mchungaji. Iliyobaki ni nyembamba, ukiiegemea inapinda. Nimefikiri nitaunganisha mbili mbili, uso kwa uso. Zitakuwa ngumu kama mbao.

Jumanne, 15 Julai

Nimeunganisha kuta leo. Klorofomu, ile dawa ya kugandishia perspeksi, nimeimimina nyingi kati ya karatasi mbili, nikazikandamiza kwa mawe ya kinu. Kuipenyeza kwa sindano pembeni, kama kawaida, hakutoshi kwa uso mzima. Madirisha nilifunga, baridi imezidi. Nikapata usingizi wa ajabu saa nane mchana, kichwa kizito. Nilipofungua mlango ukaisha.

Kuta zimetoka safi. Nyeusi tii. Najiona ndani yake kama kwenye maji.

Ijumaa, 18 Julai

Nimecheka leo mpaka mbavu zikauma.

Msalaba ulikuwa umesimama ukutani, bado bila kuta, mweupe kama maziwa. Mchungaji Festus akaja kuangalia mimbari yake. Ni mtu mkubwa, mpole, akiingia karakana inajaa. Akauona. Akavua kofia.

"Dada Mbithe," akasema, "hukuniambia kwamba umetuongezea na msalaba."

Mutinda alikuwa mlangoni na stendi begani. Akasema, "Mchungaji, huo una waumini wake tayari. Ishirini na wanne. Wana mikia."

Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: kama panya aliyekunywa dawa akitoka nje, wanajuaje si ujasiri wake wa kuzaliwa? Nikasema sijui. Akasema nimuulizie Daktari. Na mimbari yake anaihitaji kabla ya Jumapili tarehe tatu Agosti, siku ya kufungua kanisa. Nikamwambia itakuwa tayari.

Jumatatu, 21 Julai

Tumeupeleka. Mutinda ameubeba kwa mkokoteni, tumeufunga kwa nailoni tangu juu hadi chini usipate vumbi. Pale kituoni wamesema watakuwa wanaufunika hivyohivyo kila jioni.

Chumba ni kidogo, hakina dirisha, taa moja hafifu juu. Tulifunga kuta kwenye mikono, Mutinda akapima stendi kwa pima-maji, kiputo hakikwenda upande hata kidogo. Daktari Kitonga alizunguka mara nne. Halafu akasema, "Fundi, hii ni bora kuliko ile iliyokuja imevunjika." Mutinda akamjibu kwamba kitu chochote ni bora kuliko kilichovunjika, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Daktari akicheka kwa sauti.

Sasa niandike aibu yangu. Nilisema sitaki kuwaona panya. Ngina akatoka chumba cha pili, mkono mmoja kifuani, nikafikiri amebeba kitambaa. Kilikuwa kinapumua. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga stendi tuliyotoka kuipima.

Hakunicheka. Alisimama tu pale, mbali kidogo, akisema panya huyu ni jike, ana wiki kumi, hajawahi kumuuma mtu. Nikatazama. Mweupe kama pamba, macho mekundu, mkia una mistari miwili ya kalamu nyekundu. Anaosha uso. Anaosha kabisa, nyuma ya masikio, kama mtoto aliyeambiwa kuna wageni.

Nikanyoosha kidole. Nikakirudisha. Nikakinyoosha tena.

Nimemshika panya. Mimi, Mbithe wa Muthetheni, ambaye nililala juu ya meza mwaka mzima wa darasa la saba kwa sababu ya panya wa ghalani. Ana joto. Moyo wake unapiga haraka kuliko cherehani. Nimempigia mwaitu, mama yangu, simu kumwambia. Ameniuliza kama nimenawa.

Alhamisi, 24 Julai

Habari njema juu ya habari njema. Daktari Kitonga ametuma picha za msalaba kwa wenzake. Kuna mama mmoja wa chuo kingine anataka mitano kama huo, na tena masanduku ya kufundishia panya, yenye kidude cha kubonyeza ndipo chakula kitoke. Anakuja kuona mwenyewe wiki ijayo. Mutinda ameanza kuchora kidude kwenye mlango wa karakana kwa chaki.

Niko na furaha mpaka nimesahau chai motoni mara mbili.

Jumapili, 27 Julai

Ibada. Ufuaji. Mwanangu Mueni amerudi shule. Perspeksi nyeusi nene ya kitako cha mimbari bado sijaikata, kesho.

Jumanne, 29 Julai

Ngina amekuja karakana asubuhi, akaketi kwenye kigoda bila kuambiwa. Koti la maabara hana. Nikamuwekea chai.

Kumbe Ijumaa na Jumamosi waliwapima panya wote ishirini na wanne. Kumi na wawili wamekunywa majani, kumi na wawili maji matupu. Chupa zina namba tu, hata yeye hajui ipi ni ipi wakati wa kupima, orodha anayo Daktari. Jana wakafungua orodha.

"Auntie, wote ni majasiri."

Nikasema si ndiyo vizuri. Akatikisa kichwa. Ishirini na mmoja kati ya ishirini na wanne walikaa nje penye uwazi. Hata wa maji. Panya wa maji hawezi kukaa nje, panya yeyote duniani hujificha. Daktari anaamini alichanganya chupa, akawanywesha majani wote. Hakumfokea. Alimwambia tu aache funguo mezani, apumzike, yeye atapitia daftari lake lote, na huenda ikabidi aanze upya mwakani na panya wengine.

"Sikuchanganya," akasema. "Niliandika kila moja. Lakini ameniuliza mara nyingi mpaka sasa nami najiuliza."

Chai hakuinywa. Nilimpa mandazi afungue njiani. Nimekaa na lile jambo siku nzima. Mtoto anayeandika mpaka saa ya kunawa mikono, achanganye chupa?

Jumatano, 30 Julai

Sijui nianzie wapi.

Leo ndiyo siku yule mama wa chuo kingine alikuja kuona. Daktari aliniita nieleze jinsi nilivyoutengeneza. Tulifika sisi watatu, Daktari akautoa nailoni mwenyewe. Yule mgeni akawa anasifu. Sakafu ya kipande kimoja. Msasa. Nikainama kumwonyesha jinsi kuta zinavyochomeka.

Nikainama ndani ya mkono wenye kuta, uso karibu na sakafu. Pale ambapo pua ya panya huwa.

Klorofomu. Si kali. Ukisimama huisikii, chumba chote kinanuka spiriti wanayopangusia. Lakini pale chini, kati ya kuta mbili, imekaa kama ukungu bondeni. Wiki mbili na bado inatoka. Ile niliyoimimina kati ya karatasi mbili haikuwa na pa kukaukia, kwa baridi hii, na kila jioni inafunikwa nailoni.

Panya si majasiri. Panya walikuwa wanakimbia harufu yangu.

Niliinuka. Daktari alikuwa anamwambia mgeni, "Fundi wetu ni hazina." Mgeni akaniuliza mitano itachukua muda gani. Nikasema wiki tatu. Nilisema hivyo. Mdomo huu. Nikatoka, nikapita meza yenye funguo za Ngina, nikapanda boda nikarudi.

Mutinda aliniuliza kama tumepata ile kazi. Nikasema tumepata. Akaimba kwaya ya kipaimara huku akichomelea. Nilitaka kumwambia anyamaze.

Alhamisi, 31 Julai

Nimemwambia Mutinda kwanza, saa moja asubuhi, kabla hajavaa miwani ya kuchomelea. Alisikiliza. Akauliza, "Kuna mtu mwingine anaweza kujua?" Nikasema harufu itaisha yenyewe baada ya mwezi hivi, hakuna atakayejua.

"Basi twende," akasema. "Mkokoteni uko wazi."

Tumetembea na mkokoteni mtupu mpaka barabara ya Mua. Alinitania njia nzima kuhusu viatu vyangu. Namshukuru kwa hilo.

Daktari alikuwa na daftari la Ngina mbele yake, kurasa zimejaa alama za penseli. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakatoroka. Nikamwambia: "Daktari, daftari liko sawa. Kosa ni langu. Inama unuse."

Alinitazama. Tukaingia kile chumba. Mwanamume mzima, daktari, akapiga magoti, akaingiza kichwa chake chote katikati ya kuta nyeusi. Akakaa humo. Tukamwona mabega tu. Nikayaeleza mabega yake kila kitu: karatasi nyembamba, klorofomu niliyoimimina, madirisha niliyofunga, usingizi wangu wa saa nane mchana, na kwamba jana nilijua nikanyamaza.

Alipotoa kichwa, miwani ilikuwa imepinda.

"Inaweza kuwa harufu tu inawafukuza," akasema. "Au wanaivuta, inawalegeza. Vyovyote vile zile namba hazifai." Halafu akasema, kama anayejisemea, "Na nilimwambia aache funguo."

Nikamwambia anipe nafasi nitengeneze kuta nyingine, bila tone la gundi. Yule mama wa mitano nitampigia mwenyewe, nimwambie ukweli, akitaka atafute fundi mwingine. Daktari akasema hapana, atampigia yeye, tena atamwambia kwamba fundi huyu hukagua kazi yake baada ya kuiuza. Macho yakanichoma, nikasingizia klorofomu.

Akamwita Ngina kwa simu mbele yetu. Hakuzunguka. Alisema, "Njoo uchukue funguo zako. Nilikosea, nisamehe." Sauti ya upande wa pili sikuisikia. Yeye aliisikia. Akaugeukia ukuta wa chumba kwa muda mrefu, akisema "ndiyo" na "ndiyo" na "najua."

Nimerudi mjini, msalaba ukiwa mkokotenini, nikijisikia kama niliyevuliwa gunia. Mutinda anasema nilikuwa natembea mbele ya mkokoteni kama bibi harusi.

Tatizo moja. Kuta mpya zinataka karatasi moja nene, nyeusi. Na ninayo moja. Na imeshaandikwa kwa chaki: KITAKO – MCHUNGAJI.

Ijumaa, 1 Agosti

Nilikwenda kanisani kwao. Wanapaka rangi. Mchungaji Festus alikuwa juu ya ngazi, matone meupe kwenye kipara. Nikamweleza nikiwa chini, shingo imeinuka, kama Zakayo kinyume.

Akashuka. Akauliza yule msichana anaendeleaje. Akauliza panya wangapi wanarudiwa. Akauliza kama lile swali lake nilimfikishia Daktari. Nikasema nilimfikishia, na jibu ni kwamba ndiyo sababu wanakuwa wengi, na wanagawanywa kwa bahati nasibu, ili waliozaliwa wajasiri wasirundikane upande mmoja. Akafurahi kuliko mtu aliyepewa kitako.

"Mimi sihubiri kwa miguu, Dada," akasema. "Mimbari itasimama juu ya sanduku. Chukua hiyo perspeksi."

Nikasema nitaagiza nyingine, wiki mbili. Akasema hata tatu. Halafu akauliza kama anaweza kuja kesho kuona ninavyokata.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nitaiandika yote, hata kama mkono utauma.

Jua lilitoka. Jua la kweli, la kukausha nguo. Tulitoa meza nje. Ngina alifika saa mbili na chupa ya chai, amevaa koti lake. Alinikumbatia kabla sijaweka chini jigsaw, ule msumeno wa umeme. Nikamwambia ningeweza kumkata. Hakusikia.

Niliomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa, nikaanza, "Ile siku ya Jumatano nilijua..." Akasema Daktari amemwambia yote. Akasema yeye mwenyewe, alipotoka kwangu ile Jumanne, alipanda gari mpaka Masinga kwa nyanya yake, akakaa jikoni akilia. Nyanya akamchemshia yale majani.

"Yakafanya kazi?" nikauliza.

"Nililala saa kumi na mbili mfululizo, Auntie. Lakini mimi ni mmoja, tena najua nilichokunywa."

Tukacheka. Nimempenda zaidi kwa jibu hilo.

Mchungaji Festus akaja na kaptula. Sikuwahi kuona magoti yake. Alishika karatasi nene upande mmoja, Ngina upande wa pili, mimi nikakata. Vipande sita: vinne virefu, viwili vya kufunga miisho. Mutinda alikata vyuma vya pembeni, vidogo kama kucha, akavitoboa. Kila ukuta umefungwa kwa skrubu na nati. Hakuna gundi. Kila tundu nililotoboa nililipiga msasa mpaka mdomoni ili unywele wa panya usinase. Mutinda akasema anaona wivu, geti lake hakuna aliyewahi kulipiga msasa.

Tulipomaliza tulizisimamisha kuta juani zikitazamana, kisha kila mtu akainama kunusa. Wanne, mmoja baada ya mwingine, makalio juu. Mwanamke aliyekuwa anapita na kapu la maembe alisimama akatuuliza kama tumepoteza kitu. Mchungaji akamjibu, bado kichwa ndani, kwamba kinyume chake.

Hakuna harufu. Hata kidogo. Ngina alinusa mara tatu. Akanusa na sakafu, akasugua tena kwa sabuni, kisha maji, kisha maji.

Jumapili, 3 Agosti

Nilikwenda kwenye ufunguzi wa kanisa lao, baada ya misa yetu. Mimbari ilisimama juu ya sanduku la mbao lililofunikwa kwa leso ya maua. Kusema kweli ilipendeza. Mchungaji alihubiri saa nzima na nusu. Alipofika mwisho akawaomba watu wamkumbuke katika maombi "binti mmoja mtafiti na viumbe wake ishirini na wanne." Watu wakasema amina bila kuelewa. Mutinda, aliyekuja kwa ajili ya pilau, alisema amina mbili.

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefunga kuta mpya. Daktari alipiga magoti tena akaingiza kichwa. Alikaa kidogo kuliko mara ya kwanza. "Hakuna," akasema. Nailoni imetupwa. Sasa watafunika kwa shuka la pamba.

Panya ni wapya, wanatoka chumba kilekile lakini hawajawahi kuuona msalaba. Wale wa kwanza hawafai tena, wameshazoea. Wanaanza Jumatano. Ngina ameniomba niwepo. Nikamuuliza nitafanya nini pale. Akasema hakuna, niwepo tu.

Yule mama wa chuo kingine amepiga. Hakutaja klorofomu kwa dakika kumi nzima. Halafu akauliza kama ile mitano inaweza kuwa ya skrubu.

Jumatano, 6 Agosti

Naandika hapahapa, daftari liko gotini. Tuko chumba cha pembeni, mimi, Daktari na kompyuta. Ngina huingia, anaweka panya katikati ya msalaba, anatoka, anafunga mlango bila sauti, anakuja kukaa nasi. Tunamtazama panya kwenye skrini, kutoka juu. Hairuhusiwi kuongea. Ndiyo sababu naandika. Bila hivyo nitapasuka.

Orodha ya chupa iko kwenye bahasha iliyofungwa, mfukoni mwa koti la Daktari. Ngina hajui. Daktari mwenyewe hajui, safari hii aliyeipanga ni katibu wa kituo.

Panya wa kwanza. Alikaa katikati kama sekunde nne. Akageuka. Akapiga mbio penye kuta, akajibanza mwisho kabisa, mkia tu ukabaki unaonekana. Dakika tano hakutoka. Sikuwahi kufurahia woga wa kiumbe hivi. Daktari alifumba macho, akayafumbua. Ngina akaandika namba. Mkono wake ulikuwa imara.

Wa pili: penye kuta. Alitoa pua mara moja, akairudisha.

Wa tatu: penye kuta. Kisha, dakika ya pili, akarudi katikati. Akasimama. Akaweka mguu mmoja kwenye mkono ulio wazi, kama anayejaribu maji ya kuoga. Kisha mguu wa pili. Akaenda. Alikwenda mpaka ukingoni, akaning'iniza kichwa chini, akatazama sakafu kule nusu mita chini yake, masharubu yanacheza. Akakaa pale pale akaanza kuosha uso.

Nilimtazama Ngina. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Wa nne: penye kuta, hakutoka.

Wa tano: nje. Amezunguka mikono yote miwili iliyo wazi kana kwamba anakagua shamba.

Daktari ameugusa mfuko wa koti lake, kisha akauondoa mkono haraka, akaukalia.

Inaweza kuwa bahati. Inaweza kuwa hawa wawili walizaliwa hivyo, ndilo swali la Mchungaji. Wamebaki kumi na tisa. Ngina ameingia na wa sita, ametoka, amefunga mlango. Ameketi karibu yangu safari hii, bega kwa bega, nasikia anavyojizuia kupumua. Kwenye skrini panya yuko katikati, ameinua pua, anaipeleka kulia, anaipeleka kushoto. Bado hajachagua. Ngina ameufunika uso kwa viganja, lakini vidole ameviachanisha, anachungulia.